Seli za kuku wa kienyeji ziwekwe benki sasa, na Kenya ilipe yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii kazi ya kukuza seli za uzazi za ndege kwa maabara, ju kwa grupu za WhatsApp za wafugaji hapa Nairobi naona imeanza kuitwa majina ya ajabu, wengine wanasema ati ni kuku wa kutengenezwa, wengine ati ni GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, tunaletewa kisirisiri, na wale wanaoielewa wamenyamaza kabisa. Mimi nafuga kuku wa kienyeji huku Uthiru, si wengi, lakini nimewafuga miaka mingi na hii maneno nimeisoma kwa bidii kwa sababu inagusa kuku wangu. Na naona hivi, serikali yetu isipoweka pesa yake hapa, yake yenyewe si ya wafadhili, kuku ambao mama zetu na nyanya zetu waliwatunza miaka yote hiyo wataisha tukiangalia, alafu siku tukiwahitaji itabidi tuende kuwaomba kwa wenyewe wapya.

Kwanza watu waelewe ni nini kinafanywa huko ndani.

Yai lenye mbegu ya jogoo likitagwa tu, tayari ndani yake kuna makumi ya maelfu ya seli, si seli moja. Ukiliweka kwa inkubeta ama ukimwachia kuku alalie, siku ya pili hivi moyo unaanza kupiga na mishipa myembamba ya damu inaenea juu ya kiini. Sasa hapo kati ya siku ya pili na ya tatu kuna seli chache sana zinazunguka na hiyo damu, na hizo ndio baadaye zitakua mayai kama kifaranga ni jike, ama mbegu za kiume kama ni dume. Zinaanzia sehemu ya mbele karibu na kichwa cha kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, zinaingia kwa damu, zinabebwa mpaka pale viungo vya uzazi vitaota, zinatoka kwa damu zinakaa hapo. Ng'ombe sivyo, hata sisi binadamu sivyo, kwetu hizo seli zinatambaa zenyewe ndani ya mwili wa kiinitete hazipiti kwa damu. Ndege wana njia yao, na hiyo njia ya damu ndio imefanya kazi hii iwezekane, maana mtaalamu anachukua sindano ya kioo nyembamba mno, anavuta damu kama maikrolita moja hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, na ndani ya hicho kitone mna seli za uzazi za yule kuku ambaye hata hajapata macho vizuri.

Kile kitone kinawekwa kwa chakula cha majimaji, joto la nyuzi 37 ama 38, na kila siku mbili tatu chakula kinabadilishwa. Seli za damu zinaisha pole pole zenyewe, zile za uzazi zinabaki zikielea, ni kubwa na za mviringo, zinagawanyika na kugawanyika, baada ya wiki kadhaa zile chache za mwanzo zimekua malaki. Ukisikia hivo unadhani ni rahisi lakini watu walihangaika sana, seli zilikua zinakufa ama zinabadilika zinakua kitu kingine, mpaka mwaka 2006 ndio kundi moja la California likatangaza kwa jarida la Nature kwamba wamezikuza kwa muda mrefu, wamezirudisha kwa kuku, na zimezaa vifaranga. Hata hapo walikua wanazikuza juu ya seli za panya ju hakuna aliyejua vizuri zinataka kula nini. Mwaka 2015 ndio watu wa Roslin Institute huko Edinburgh, Scotland, wakachambua wakajua protini zenyewe zinazohitajika, kumbe ni chache tu, kuna insulini na kuna nyingine kama mbili tatu za kuziambia seli ziendelee kukua na zisigeuke. Hapo kazi ikawa rahisi kwa maabara nyingine, hata za Afrika.

Alafu seli zikishakua nyingi unazigandisha kwa nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, zinakaa. Zinaweza kukaa miaka na miaka.

Sasa mtu atauliza, kwani shida iko wapi, si tuwafuge tu. Ama si tufanye vile tunafanya na ng'ombe. Kila mtu mwenye ng'ombe wa maziwa hapa Kabete na Kikuyu anamjua yule jamaa wa AI, yaani wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, anayekuja na pikipiki na mtungi wa nitrojeni umefungwa nyuma, anatoa mrija mmoja mdogo, anauyeyusha kwa maji ya vuguvugu, na fahali mwenyewe labda alikufa zamani huko ng'ambo lakini ndama atazaliwa hapa. Kwa ng'ombe hata kiinitete chenyewe kinagandishwa. Yai la kuku hapana. Lile yai ni kubwa, kiini kimejaa mafuta, ukiligandisha limeharibika na halirudi. Mbegu za jogoo zinagandishika, ndio, lakini zikiyeyushwa nguvu zimepungua sana, na hata zikifanya kazi bado uko na nusu tu ya kuku wako. Kwa kuku jike ndiye anayeamua jinsia ya kifaranga, yeye ana kromosomu Z na W, jogoo ana Z mbili, kwa hivyo W haiko kwa mbegu za jogoo hata kidogo, ukihifadhi za jogoo peke yake umepoteza kile ambacho kinatoka kwa mama tu. Na ile njia ya Dolly, yule kondoo wa Roslin wa mwaka 1996, kwa ndege imekataa. Kwa hivyo ukitaka kuhifadhi kuku mzima, upande wa mama na wa baba, njia iliyoko ya maana ni hizi seli.

Na ona tofauti. Mtama, wimbi, maharagwe, mahindi ya zamani, mbegu zake ziko kwa benki ya taifa ya jeni pale Muguga toka 1988, si mbali na hapa nakaa. Wimbi ukipotea kwa shamba kuna mahali utaupata. Kuku akipotea amepotea.

Kumrudisha kuku kutoka kwa hizo seli ndio sehemu inanifurahisha zaidi kuisoma. Unachukua yai la kuku wa aina nyingine kabisa, limekaa inkubeta kama siku mbili na nusu, unakata dirisha dogo kwa ganda, kubwa la kutosha kuona tu, unaweka chini ya darubini. Unaona moyo unapiga na ule mshipa mkubwa wa mgongoni. Unadunga hapo seli kama elfu moja mpaka elfu chache, unaziba dirisha na tepu, unarudisha yai kwa inkubeta. Siku ya 21 kifaranga anatoboa kama kawaida. Kama huyo aliyebeba amefanywa awe hana seli zake mwenyewe za uzazi, zile ulizodunga ndizo zinashika kila kitu, mwili wake unakua kama nyumba ya kupanga, mwenye kukaa ndani ni mwingine. Mwaka 2019 Roslin walionyesha mitetea tasa wakitaga mayai ya kuku wa aina adimu, na 2021 wakaonyesha jogoo na mtetea wote wawili wabebaji, ukiwapandisha, vifaranga wanaotoka ni wa ile aina ya seli tu, kizazi kimoja na umerudisha kuku safi. Huko Dubai hata kabla ya hapo, 2010, walikua wamefanya jogoo wa kawaida akatoa mbegu za tandawala wa jangwani na vifaranga wa tandawala wakatoka. Jogoo wa nyumbani! Mimi nikisoma hayo siwezi kuyaita uchawi wala wazungu kucheza, hiyo ni kazi ya watu wamekaa miaka wakitafuta.

Sasa nirudi hapa kwetu, ju hapa ndio moyo wangu uko.

Kuku wa kienyeji wa Kenya si kuku mmoja. Kuna kuchi wa Lamu na Pwani, mrefu, shingo ndefu, miguu imara, jogoo wake anasimama kama anakuuliza unataka nini. Kuna kishingo, yule shingo yake haina manyoya. Kuna kidimu, manyoya yamejikunja yanaangalia juu. Kuna wale wafupi wa miguu, kuna wa shungi kichwani, na kuna wale wa kawaida tu wa madoadoa ambao kila boma Busia ama Kitui lina wao na ukiwaangalia vizuri unaona hawafanani na wa jirani. Watu wanaona ni urembo ama wanaona ni uchafu, wengine hata wanasema kishingo ni kuku mgonjwa. Lakini kishingo amechunguzwa, mwaka 2011 ilijulikana ni badiliko moja la jeni linalofanya protini inayozuia manyoya iwe nyingi pale shingoni, na kuku wa hivo anapoteza joto kirahisi kuliko mwenye manyoya mengi. Kwa nchi ambayo joto linapanda hiyo si kitu ya kuchekwa. Yule wa manyoya yaliyojikunja naye ni hivo hivo, joto linamtoka haraka.

Mama yangu huko Busia alikua na mtetea mmoja kishingo, mwekundu, ambaye Newcastle, ule ugonjwa wa kuku, ilipopita ikafagia boma lote na maboma ya jirani yeye alibaki akitembea. Hakua amechanjwa, hakuna aliyekua amechanjwa. Alitotoa mara nyingi baada ya hapo na vifaranga wake wengine nao walikua wagumu hivo hivo. Alafu akazeeka, wageni wakaja, basi. Sijui alikua na nini ndani yake na hakuna mtu atajua, na hiyo inaniuma mpaka leo, ju nimesoma kwamba Tanzania na Ghana kumefanywa utafiti mkubwa wa kutafuta ni jeni gani zinasaidia kuku kustahimili Newcastle, Tanzania wakitumia wale kuchi, Ching'wekwe na kuku wa Morogoro, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Yaani kile mama alikua nacho nyuma ya jikoni, wasomi wanakitafuta kwa mitambo.

Na wanaisha vipi? Si ati kuna mtu anawaua kwa makusudi. Kwanza ni hizi aina zilizoboreshwa, ambazo hata mimi nawafuga kidogo siwezi kudanganya, wanakua haraka wanataga sana, na mtu akinunua jogoo mmoja wa hao akamwachilia kwa boma, baada ya vizazi vichache boma lote na la jirani limechanganyika. Serikali na mashirika wamegawa majogoo wa hivo toka zamani na nia ilikua njema, mama apate mayai zaidi, lakini hakuna mtu aliweka wa zamani pembeni kabla ya kuchanganya. Pili ni Newcastle yenyewe, ikija kwa kijiji ambacho hakijachanjwa inaweza kumaliza karibu wote kwa wiki, na mtu akiona wa jirani wanaanza kulala anauza wake wote siku hiyo hiyo, kwa hivyo hata wale wangestahimili wameenda sokoni.

Na tatu ni soko. Nenda soko la Burma hapa Nairobi asubuhi mapema mwezi wa Desemba uone. Matenga yanashushwa, yametoka magharibi na Ukambani, kuku wamefungwa miguu miwili miwili, na mnunuzi hapotezi wakati, anainua jogoo kwa miguu, anampima kwa mkono, anabonyeza kifua, mzito anawekwa upande huu na mwepesi upande ule. Mzito ndio anaenda kwanza. Yaani yule aliyekua vizuri bila chakula cha kununua, bila dawa, akakwepa mwewe na magonjwa mpaka akafika kilo tatu, huyo ndio tunamchinja Krismasi, na yule dhaifu ambaye hakuna mtu alimtaka ndio anarudi nyumbani kupanda mitetea. Mwaka baada ya mwaka tunafanya hivo. Simlaumu mtu, karo ya shule Januari inangoja, lakini hivo ndio mbegu inaisha.

Najua kazi imeanza. ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo, iko hapa hapa Uthiru, nyuma ya ule ua mrefu watu wanaupita kila siku kwa matatu bila kujua kuna nini ndani, na wataalamu wake pamoja na wenzao wa Roslin, kupitia kituo chao cha pamoja kinaitwa CTLGH, wamekua wakikusanya na kukuza na kugandisha seli za kuku wa kienyeji wa Afrika. Waafrika ndio wako kwa hizo maabara, wamejifunza wanafanya wenyewe. Hiyo ni sifa kwa hii nchi na sijaona ikipewa nafasi kwa magazeti inavyostahili. Ila ILRI ni taasisi ya kimataifa, inaendeshwa na pesa za wafadhili, na mfadhili akibadilisha mawazo? Mwaka 2025 tuliona vile misaada ya Marekani ilikatwa ghafla, kliniki zikafungwa, watu wa dawa za ARV wakaanza kuingiwa na wasiwasi, na hiyo ilikua maisha ya binadamu. Kuku atafikiriwa na nani? Mtungi wa nitrojeni hausubiri, ile nitrojeni inapungua kila siku inakua hewa, lazima iongezwe, ikikauka seli zimekufa zote na hakuna kuzirudisha. Hapo ndio naogopa.

Niseme pia kuhusu GMO maana najua barua hii ikitoka ndio itakua swali la kwanza. Kukuza seli na kuzigandisha hakubadilishi jeni yoyote. Seli ya kuchi ikitoka kwa nitrojeni ni ya kuchi vile vile. Kitu kimoja lakini lazima kisemwe wazi wazi, yule kuku tasa wa kubeba seli ndio amebadilishwa jeni, hata kama vifaranga wanaotoka hawana hilo badiliko, na kwa hivyo kumfuga hapa ni lazima kupitia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbehai na ile sheria ya mwaka 2009. Wanasayansi wasifiche hapo. Wakificha hata kidogo, watu wakija kujua baadaye watakataa vyote, hata vile ambavyo havina neno. Watu wetu hawakatai sayansi, wanakataa kufichwa.

Na ni kweli pia kwamba hizi seli zikiwa kwa maabara mtu anaweza kuzihariri, yaani kubadilisha jeni zake kwa makusudi, ndio njia inayotumika zaidi kwa utafiti wa jeni za kuku dunia nzima sasa. Mfano unaojulikana ni ule wa mwaka 2023, mwandishi wa kwanza wa utafiti ule ni Alewo Idoko-Akoh, wakiwa Roslin na wenzao wa Imperial College London, walihariri jeni moja inaitwa ANP32A ambayo virusi vya homa ya ndege huitumia kujizalisha ndani ya seli. Waliwapa kuku kumi virusi kwa kiasi cha kawaida, tisa hawakuambukizwa. Walipoongeza dozi mara nyingi, nusu wakaambukizwa, na virusi vikawa vimejibadilisha vikaanza kutumia jeni nyingine mbili za jamii hiyo hiyo. Wenyewe ndio wakasema badiliko moja halitoshi. Mimi hiyo nimeiheshimu sana, ju wangeweza kutangaza wale tisa wakanyamazia wengine. Kwa hivyo sipingi kuhariri, na Kenya tayari ina miongozo yake ya uhariri wa jeni toka 2022, mjadala uendelee kwa wakati wake na watu wasikilizwe. Lakini hiyo ni kesho. Kuhifadhi ni leo, ju ukihariri huna kuku asili wa kulinganisha naye, umehariri nini?

Kuna jambo lingine ambalo wataalamu hawapendi kuliongelea na mimi naliweka hapa. Hizi seli ni za nani? Tulishaumwa na nyoka kule Ziwa Bogoria. Vijidudu vilichukuliwa kutoka kwa zile chemichemi za maji moto miaka ya tisini, vimeng'enya vyake vikaja kutumika kwa sabuni za kufulia na kuchakaza jinzi huko ng'ambo, KWS, shirika letu la wanyamapori, ikalalamika mwaka 2004, na watu wa Bogoria walikua hawajui hata kwamba kuna kitu kilitoka kwao. Leo kuna Itifaki ya Nagoya, ile ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, na Kenya imetia sahihi, kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Sawa. Lakini mtu akija kwa boma la mama Busia achukue mayai ishirini aende nayo, mama analipwa bei ya mayai na inaishia hapo. Mayai ya kienyeji ni shilingi ngapi? Na ndani ya hayo mayai huenda mna ile kitu ambayo kampuni fulani siku moja itauzia dunia. Mimi nataka kila mrija unaoingia kwa ule mtungi uwe na karatasi yake, kijiji, boma, jina la mwenyewe, mama aliwaita hao kuku nini, alisema wanastahimili nini, na nakala ibaki kwake kwa lugha anayoielewa. Hayo maelezo ya mama nayo ni sayansi. Seli bila historia yake, mtu wa miaka hamsini ijayo ataijuaje ni ya nini?

Wengine wataniambia Kenya ina aina zaidi ya elfu moja za ndege, mbona naongea kuku tu na tai wanakufa kwa sumu na korongo wa taji wanapungua. Nawafikiria pia. Ila chakula kile cha seli za kuku hakifanyi kazi kwa kila ndege, kila jamii inataka utafiti wake, hata njiwa imekua kazi ngumu na mafanikio yake yametangazwa juzi juzi tu mwaka 2025 na hao wanaotafuta kurudisha dodo, yule ndege aliyetoweka zamani. Tuanze na kuku ambaye njia yake inajulikana, vijana wetu wazoee kushika hiyo sindano ya kioo, alafu twende kwa wengine. Vijana wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi yake ya kilimo na mifugo hapo Upper Kabete, karibu kabisa na ILRI, na kila mwaka wanamaliza wakaenda kuuza dawa za mifugo ama kukaa nyumbani.

Kwa hivyo naomba kupitia gazeti lako Idara ya Mifugo itujibu mambo haya. Je, kuna laini kwa bajeti ya mwaka huu ya kuhifadhi seli za kuku wa kienyeji, hata kama ni ndogo, na kama haipo nani aliamua isiwepo? Kwa nini KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, isiwe na mitungi yake, moja ikae Muguga na nakala nyingine Naivasha, ili umeme ukipotea ama nitrojeni ikichelewa upande mmoja tusipoteze vyote? Je, seli ambazo zimeshakusanywa mpaka sasa, kuna sajili ambayo mwananchi anaweza kuiangalia akaona ya kwao imo ama haimo? Na kaunti, hasa Lamu kwa ajili ya kuchi na zile za magharibi na Ukambani, ziandike kwa mipango yao kwamba kabla ya kugawa majogoo walioboreshwa kwa kijiji chochote, mayai ya kuku wa zamani wa hicho kijiji yachukuliwe kwanza kwa ridhaa ya wenyewe yapelekwe maabara. Hiyo ya mwisho haihitaji hata pesa nyingi, inahitaji mtu mmoja mwenye trei ya mayai na gari la kufika Nairobi kabla hayajaharibika.

Jibu lao nitalitafuta kwa ukurasa huu huu wa barua.

Mfugaji,
Uthiru, Nairobi